Mashine Yenye Mbio Kuliko Gemu

Flopi yenyewe ilikuwa na lebo iliyoanza kubanduka pembeni, na juu yake mwandiko wa kaka yangu kwa wino mweusi: PANGO 3 – USIFUTE. Hilo neno la mwisho alilipigia mistari miwili. Kwetu flopi isiyo na onyo ilikuwa halali ya yeyote aliyeiona kwanza, na aliyekuwa akiziona kwanza ni mimi.

Pango ni gemu aliyoiandika kaka akiwa mwanafunzi, kwa Turbo Pascal, programu ya kuandikia programu nyingine. Haina picha, ina herufi tu. Mchezaji ni kile kiuso cha duara kinachotabasamu ambacho kila kompyuta ya DOS, mfumo uliotangulia Windows, ilikuwa nacho kati ya herufi zake. Kuta ni vipande vya kijivu, funguo ni alama za manjano, na popo ni V nyekundu zinazopepea kutoka ukuta hadi ukuta. Ukiokota ufunguo, kispika cha ndani kinapiga milio miwili, wa chini kisha wa juu. Ukiguswa na popo kinapiga mmoja mrefu unaoshuka, ambao dada yangu aliuigiza kwa mdomo kwa miaka mingi kila mtu alipoangusha kitu. Wachezaji wake duniani kote tulikuwa watatu, ukimhesabu na mtunzi.

Nilitaka kuicheza tena. Nilidhani ni kazi ya jioni moja.

Sehemu niliyoiogopa ndiyo iliyokuwa rahisi. Nilichomeka kisomeo cha flopi cha USB, kikakoroma na kukwaruza kama kinachotafuna mchanga, kikatema faili zote isipokuwa moja. PANGO3.EXE, yaani gemu yenyewe, ilitoka nzima, kilobaiti 31. Picha ndogo niliyoitumia jana kumcheka rafiki yangu kwenye simu ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Nikaibofya mara mbili. Windows ikanijibu kwa adabu kwamba programu hii haiwezi kuendeshwa kwenye kompyuta yangu.

Mashine yenye kumbukumbu ya gigabaiti 16 imekataa kilobaiti 31. Watu wengi wakifika hapa hudhani faili imeharibika, wanaifuta. Msifute! Faili ni nzima kabisa, tatizo ni hali ambayo prosesa, ile chipu inayotekeleza amri, imo. Programu za DOS ni za biti 16. Windows za biti 32 zilikuwa zikiziendesha kwa kutumia hali maalumu ndani ya prosesa, ambayo humfanya mgeni huyu wa zamani aamini kwamba yuko peke yake ndani ya 8086, chipu ya zamani ya Intel. Prosesa ikishaingia kwenye hali ya biti 64, mlango huo haupo. Microsoft nao hawakuujengea mwingine, kwa hiyo Windows ya biti 64 haina kabisa pa kuiweka programu ya DOS.

Hilo huwakamata hata wenye gemu zisizo za DOS. Kuna gemu nyingi za enzi ya Windows 95 ambazo zenyewe ni za biti 32 na zingekimbia bila shida, ila programu ya kuzisakinisha iliyo kwenye sidii ni ya biti 16. Yaani chumba ni kizima, ufunguo ndio hauingii. Mara nyingi ukinakili folda ya gemu kutoka kompyuta ya zamani iliyokwisha kusakinishwa, inafunguka palepale.

Nilikuwa na laptopu kuukuu yenye Windows XP ya biti 32, betri imekufa, inaishi kwa waya. Nikaiwasha, nikapeleka faili. Safari hii skrini ikawa nyeusi kama inavyotakiwa, moyo ukaruka, kisha ukatokea mstari mmoja: Runtime error 200. Basi. Ikarudi nilikotoka.

Kosa namba 200 katika Turbo Pascal maana yake ni kugawanya kwa sifuri. Nikampigia kaka.

"Kaka, Pango inasema umegawanya kwa sifuri."

"Pango? Bado ipo?" Akacheka. "Dogo, mle ndani sijagawanya kitu. Kuna kujumlisha funguo tu, na kutoa maisha."

Alikuwa anasema kweli. Aliyegawanya si yeye, na wala hakugawanya kwa sifuri. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu tangu nielewe kisa hiki ndipo nilipoacha kuziona gemu za zamani kama wagonjwa.

Karibu kila mtu aliyeandika kwa Turbo Pascal aliweka juu ya programu yake maneno mawili, uses Crt. Hayo yalikupa rangi, kuhamisha kishale, milio ya kispika, na amri inayoitwa Delay: subiri milisekunde kadhaa, kisha endelea. Popo wa kaka walipepea kwa Delay. Sasa kompyuta inajuaje milisekunde moja ina urefu gani? Ilikuwa inajipima. Programu inapoanza, kabla hata haijachora kitu, inazunguka kitanzi kitupu na kuhesabu imezunguka mara ngapi kati ya pigo moja la saa ya ndani na jingine. Saa hiyo hupiga takriban mara 18 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 55 hivi. Basi inachukua hesabu yake, inaigawanya kwa 55, inapata idadi ya mizunguko kwa milisekunde moja. Ni akili nzuri, maana kwa njia hiyo gemu inakwenda kwa mwendo uleule kwenye mashine ya kobe na kwenye mashine ya sungura.

Jibu la mgawanyo huo linawekwa mahali penye biti 16, na biti 16 haziwezi kubeba namba inayozidi 65,535. Toleo la 7 la Turbo Pascal lilitoka 1992, wakati mashine za kawaida zilikuwa mbali sana na kiwango hicho. Miaka michache baadaye prosesa zilipopita megahezi 200 hivi, jibu likamwagika. Na prosesa za Intel zina kengele moja tu kwa makosa mawili: ukigawanya kwa sifuri inalia, na jibu likikosa pa kutosha inalia ileile. Turbo Pascal ikisikia kengele haiulizi ni lipi, inaandika 200 na kufunga duka. Ni kumpandisha ng'ombe kwenye mizani ya kupimia sukari, mizani ikavunjika, halafu ukaandikiwa kwamba ng'ombe hana uzito.

Kwa hiyo Pango ilikufa kwa sababu ya uangalifu wake. Gemu ambazo hazikujipima hazikufa, zilipatwa na wazimu tu. Kompyuta ya IBM ya 1981 ilikuwa na prosesa ya megahezi 4.77, na kwa muda fulani mtu angeweza kuandika gemu akiamini kwamba hiyo ndiyo kasi ya kompyuta, kama vile maji yanavyochemka kwa nyuzi mia. Ukitaka adui atembee polepole, unaiambia mashine ihesabu hadi elfu kadhaa kabla ya kila hatua. Zilipokuja mashine zenye kasi, adui akawa mshale. Ndiyo maana kompyuta za zamani zilikuwa na kitufe cha Turbo ambacho, pamoja na jina lake, faida yake kubwa ilikuwa kukizima ili mashine ipunguze mwendo. Wing Commander ya 1990 ni mfano unaojulikana: iendeshe kwenye mashine ya miaka michache baadaye, vita vya angani vinakwisha kabla hujashika usukani.

Nilijaribu kwanza njia ya mkato. Kuna viraka vidogo vilivyotengenezwa zamani kwa ajili ya kosa hili la 200. Vinafungua faili ya EXE na kubadilisha baiti chache ili jibu likizidi lishikiliwe kwenye 65,535 badala ya kumwagika. Nikakipaka Pango, ikafunguka. Kuta za kijivu, kiuso kinatabasamu, jina la kaka juu kulia. Nilikuwa sijamaliza kutabasamu nacho, kispika kikalia mlio unaoshuka, maisha yameisha yote matatu. Kiraka kilikuwa kimeiambia gemu uongo wa nusu: kwamba mashine ina kasi kubwa, ila si kubwa kama ilivyo. Popo hawakuwa popo tena, walikuwa mistari.

Ndipo nikaenda kwenye DOSBox, ambako ningepaswa kuanzia. Ni programu ya bure iliyoanza kutolewa 2002. Ni emuleta, maana yake inajifanya kompyuta nyingine nzima: prosesa, kadi ya picha, kadi ya sauti ya Sound Blaster, kibodi, saa. Kwa kuwa prosesa hiyo ni ya kuigiza, haijali kama mashine yako ni ya biti 64 au ya kitu gani. Duka la GOG, lililofunguliwa 2008 kwa kuuza gemu za zamani, limewauzia watu wengi gemu za DOS zenye DOSBox ndani yake, na wengi wao hawajui kwamba wameinunua. Ninayoipenda zaidi ndani yake ni namba moja inayoitwa cycles: idadi ya amri ambazo prosesa ya kuigiza inaruhusiwa kutekeleza kwa milisekunde moja. Kwa gemu za kawaida za DOS inaanza na 3,000, ambayo ni takriban prosesa ya 386 ya mwendo wa chini, ile iliyoifuata 286. Kompyuta yako inaweza kufanya mara nyingi zaidi ya hapo. Inakatazwa. Inafanya amri elfu tatu, inakaa, inasubiri milisekunde nyingine.

Pango ikafunguka, haikulia kosa. Popo walipepea kama popo. Jioni moja yangu ilikuwa imekwisha kuwa wiki mbili.

Mtu wa akili angeishia hapo. Mimi nikafungua sanduku zima la sidii.

Kila gemu niliyoigusa ilikuwa na imani yake kuhusu dunia, na kazi ikawa kugundua ni imani gani imevunjika. StarCraft ya 1998 na Age of Empires II ya 1999, kwa mfano, ziliamini kwamba skrini ina rangi 256 na kwamba orodha ya rangi hizo ni mali yao. Kwenye Windows Vista na 7, programu ileile inayochora aikoni na upau wa chini ilikuwa ikichungulia na kubadilisha orodha hiyo gemu ikiwa inaendelea. Nyasi zikapata madoa mekundu, maji yakawa zambarau. Dawa iliyosambaa kati ya wachezaji ilikuwa ya kikatili na ilifanya kazi: unaiua hiyo programu ya aikoni kabla ya kuanza gemu, unaiwasha tena ukimaliza. Kwa siku hizi kuna faili za kuweka kati ya gemu na Windows, kama dgVoodoo au cnc-ddraw. Gemu inaomba kwa lugha ya zamani, faili inatafsiri kwa lugha mpya, kadi ya picha haijui kwamba anayeomba ni mzee. dgVoodoo inaokoa pia gemu zilizoandikwa kwa ajili ya kadi za picha za Voodoo za kampuni ya 3dfx, kampuni ambayo mali zake zilinunuliwa na Nvidia na yenyewe ikatoweka sokoni.

Mahali ninapopandwa na hasira ni kwenye kinga za sidii. SafeDisc ilikuwa ikihakikisha kwamba sidii iliyomo ni halisi, na ili kufanya hivyo iliweka draiva, programu ndogo ya kuongozea vifaa, ndani kabisa ya mfumo, mahali ambapo gemu haina sababu ya kuwa. Draiva hiyo ikawa tundu la usalama. Windows 10 ilipotoka 2015 haikuwa nayo, na mwaka huohuo sasisho la usalama likaizima hata kwenye Windows za nyuma. Uamuzi wa haki, siulaumu. Ila tazama matokeo: aliyenunua sidii halisi na kuitunza kwenye kasha lake hachezi, na aliyechukua nakala iliyovunjwa kinga anacheza bila wasiwasi. Walinzi waliowekwa mlangoni wamestaafu na kuondoka na funguo, waliobaki ndani ni wale walioingia dirishani.

Sauti nitaipita haraka, ingawa ilinila siku nne. Jueni tu kwamba Quake ya 1996 haikuhifadhi muziki wake kama faili, ilikuwa ikiiambia diski icheze nyimbo kama redio ya kaseti, hivyo ukinakili folda bila sidii unapata risasi na vishindo katika ukimya mtupu. Watu wamecheza hivyo miaka na miaka wakidhani ni mtindo.

Na umbo la picha. Gemu nyingi za DOS zilichora pikseli 320 kwa 200, lakini skrini za wakati ule zilikuwa na uwiano wa nne kwa tatu, kwa hiyo picha ilivutwa ikajaa hadi juu na kila pikseli ikawa ndefu kidogo kuliko upana wake. Wachoraji walilijua hilo, wakachora mwezi uliobonyea ili ukivutwa uwe mviringo. Leo pikseli ni mraba. Usiporekebisha, mwezi unabaki umebonyea na kila shujaa ni mfupi mwenye mabega mapana. Niliposahihisha hilo kwenye gemu moja niliyoicheza mwezi mzima, niligundua kwamba mhusika niliyemwona bonge ni mwembamba kabisa. Niliona aibu kidogo, kama niliyemsengenya mtu.

Emuleta si njia pekee. ScummVM, iliyoanza 2001, haijifanyi mashine. Iligundua kwamba gemu kama Maniac Mansion ya 1987 na nyingi zilizofuata kutoka studio ileile ziliandikwa kama maelekezo, na programu moja ya ndani ndiyo iliyoyasoma na kuyatekeleza. Basi watu wakaandika upya huyo msomaji. Unachukua faili za data za gemu yako, unatupa EXE, na hadithi inaendelea hata kwenye simu. Halafu kuna wale wenye bahati kuliko wote, waliopewa msimbo chanzo, yaani programu kama mtunzi mwenyewe alivyoiandika. Doom, gemu ya kupiga majini risasi, ilitoka Desemba 1993, na mwaka 1997 watunzi wake, id Software, wakauweka msimbo wake hadharani. Ndiyo sababu inakimbia kila mahali, na kila mwenye kifaa chenye skrini hujisikia ana wajibu wa kuiweka humo.

Katika matoleo yote ya Doom ninalolistahi ni Chocolate Doom, kwa ukaidi wake. Wengine walichukua msimbo wakaongeza picha kali na kuondoa makosa. Chocolate Doom imeyahifadhi makosa kwa makusudi. Doom ina njia ya kurekodi mchezo, na rekodi hiyo si video, ni orodha ya vitufe ulivyobonyeza katika kila pigo, mapigo 35 kwa sekunde. Ukiicheza tena, gemu inafuata vitufe na kila kitu kinatokea upya, jini kwa jini, risasi kwa risasi. Sasa sahihisha kosa moja dogo, tuseme namna jini linavyogonga kona. Katika rekodi ya mtu ya mwaka 1994 jini linapita hatua moja pembeni, risasi iliyolipata inalikosa, na kuanzia hapo mchezaji anakimbia akigonga kuta na kupiga hewa, akifuata vitufe vya ushindi katika dunia isiyo ile. Umeiboresha gemu, na umemuua mtu aliyeshinda miaka thelathini iliyopita.

Tangu nisome hilo nimekuwa mwangalifu na neno "kuboresha". Sina ugomvi na matoleo yaliyopigwa msasa, watu na wayafurahie. Ila mimi nikilainisha pikseli za gemu ya zamani huwa najisikia kama niliyempaka mzee rangi ya nywele akiwa usingizini.

Wakati mwingine kosa lenyewe hukaa kimya miongo miwili. Grand Theft Auto: San Andreas ilifika kwenye kompyuta 2005, na ndani yake kuna ndege ya kutua majini inaitwa Skimmer. Watu walipopata Windows 11 toleo la 24H2, ndege ikapotea. Lawama zote zikaenda kwa Windows. Mtunzi wa kiraka cha SilentPatch akachimba, akakuta kwamba kwenye faili inayoorodhesha magari, mstari wa Skimmer umekosa namba za mwisho, zikiwemo za ukubwa wa magurudumu. Gemu ilikuwa ikiusoma mstari huo bila kuhakikisha kwamba namba zimo, na mahali pa namba hizo kwenye kumbukumbu palikuwa pamebaki mabaki ya gari lililosomwa kabla yake. Kwa miaka ishirini ndege iliazima magurudumu ya jirani bila yeyote kujua. Windows mpya ilipoanza kuandika vitu vyake kwenye eneo hilo la muda, jambo ambalo ina haki nalo kabisa, mabaki yakafutika, na ndege ikapewa namba ya ovyo isiyo na kipimo.

Kinyume chake nacho kimewahi kutokea. Wakati Windows 95 inaandaliwa, SimCity ilionekana ikianguka, kwa sababu ilikuwa na tabia ya kusoma kumbukumbu ambayo ilikwisha kuirudisha. Kwenye Windows za nyuma ilivumilika. Waandishi wa Windows wakaamua kuilinda: mfumo ukiona ni SimCity, unaacha kumbukumbu hiyo bila kuigusa kwa muda. Mfumo mzima ulifundishwa kumsitiri mgeni mmoja.

Kaka nilimuuliza kama anao msimbo wa Pango. Nilikuwa na tamaa kidogo, kwa sababu nilikwisha kusoma kisa cha Jordan Mechner, aliyeandika Prince of Persia ya 1989 kwa ajili ya Apple II. Msimbo wake aliuhesabu umepotea, hadi baba yake alipokuta boksi lenye diski zake nyumbani, na mwaka 2012 ukawekwa hadharani.

"Msimbo ulikuwa kwenye ile flopi nyingine," alisema kaka.

"Ipi?"

"Ile uliyofuta."

Nikabadilisha mada.

Alikuja mwenyewe mwisho wa mwezi. Nilikwisha kuandaa kila kitu: DOSBox skrini nzima, kibodi yenye vishale vikubwa, uwiano wa nne kwa tatu. Alikaa, akabonyeza, kiuso kikatembea. Akaokota ufunguo wa kwanza. Milio miwili. Akasimama kucheza, akainamisha kichwa kama anayesikiliza gari linalokuja mbali.

"Siyo hii."

"Ni hiyo, kaka. Ni faili ileile kutoka kwenye flopi."

"Faili ni ileile. Mwendo siyo. Ilikuwa inavuta. Ukigeuka, kuta zilikuwa zinajichora kidogo unaziona. Hii inatokea tu, pa!" Alifikiri. "Tulikuwa na 286, dogo. Hii ni mashine ya mtu mwingine."

Nikabonyeza Ctrl na F11, ambayo hupunguza cycles. Nikabonyeza tena, na tena. Kutoka 3,000 ikabaki kama nusu hivi. Kuta zikaanza kujichora kwa macho, lakini popo nao wakalegea kama wamelishwa dawa za usingizi, na mlio wa ufunguo ukawa mrefu kama wa meli inayoaga bandari.

"Umeharibu," nikasema, ingawa aliyekuwa akibonyeza ni mimi.

"Hujaharibu. Toka kabisa, uanze upya. Inajipima inapoanza tu. Umempunguzia pumzi akiwa katikati ya mbio, yeye bado anahesabu kwa kipimo cha zamani."

Mimi nilihitaji wiki mbili na kosa la 200 kulijua hilo. Yeye alikuwa nalo kichwani muda wote, mahali fulani, bila kulitumia. Nikatoka, nikaianza Pango upya na cycles zilezile. Kuta zikajichora, kushoto kwenda kulia, safu kwa safu. Popo wakapepea kwa mwendo wao. Akaokota ufunguo.

Milio miwili, wa chini kisha wa juu.

"Hapo," akasema. "Hapo hapo, usiguse."

Akapita pango la kwanza bila kupoteza maisha, vidole vinakwenda kabla ya macho. La pili pia. Kwenye la tatu aliingia mlango wa chini kwa kujiamini, na V nyekundu ikachomoka nyuma ya ukuta mahali ambapo hakuna mtu angeitarajia. Kispika kikashuka na ule mlio wa dada.

"Nani aliweka popo hapa?" akauliza, ameikunjia skrini uso.